Ng'ombe Wasio na Mwenyewe

Masunga, rafiki yangu,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Tangu tulipokuzika nimeshika kalamu mara nyingi, na kila mara nimejiambia ningoje nipate habari moja njema ya kuanzia. Nimechoka kungoja. Naanza na mbaya.

Josho limefungwa. Lile josho la kuogeshea ng'ombe tulilolijenga wewe ukiwa mwenyekiti wa kijiji, mimi nikiwatoa wanafunzi wangu darasani wabebe mawe, sasa ni shimo lenye maji ya kijani na vyura. Dawa ya wilayani ilipungua, kisha ikachelewa, kisha ikaacha kuja. Mwogeshaji aliacha kulipwa mshahara, akarudi kwao Ngulyati kulima pamba. Hakuna kiongozi aliyekuja kutuambia kwamba serikali imebadili sera. Tuliambiwa na kupe.

Ndama wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, alipofika ofisa kutoka Bariadi. Kijana nadhifu, mpole, mwenye Kiswahili cha semina. Alitueleza kwamba zama za kupewa zimekwisha na kwamba josho ni mali ya wafugaji wenyewe. Wilaya italeta dawa ya kuanzia, mara moja tu, halafu kila mfugaji atachangia kwa kila ng'ombe wake. Baada ya hapo serikali itabaki na kazi ya kutoa ushauri.

Nilimwuliza kama ushauri huua kupe.

"Mzee wangu," alisema, "hiyo ndiyo sera."

"Kabla haijaandikwa, aliulizwa nani?"

"Wadau, mzee."

"Hao wadau wanafugia wapi?"

Alikunywa maji.

Usidhani nakataa kuchangia. Wewe na mimi tulichanga mawe, mchanga na migongo yetu wakati ambapo neno hilo halijaanza kuvaa tai. Kinachonikera ni watu kukaa mbali na kupanga mambo ya ng'ombe pasipo kuuliza ng'ombe wa Msukuma hulala wapi. Matokeo yake uliyaona? Hukuyaona. Ngoja nikueleze.

Ofisa alifungua karatasi yake, akaomba kila mtu asimame na kutaja idadi ya ng'ombe wake. Hadharani, Masunga!  Mwishowe alisimama Mzee Nkwabi, mwenye zizi ambalo vumbi lake huonekana kutoka barabara ya Dutwa.

"Ninao wachache."

"Wangapi, mzee?"

"Wachache wa kutosha. Tena hao si wangu. Wangu hawapo."

Wa pili akasema vivyo hivyo, na wa tatu. Kila aliyesimama alikuwa akimtunzia mwenzake, na huyo mwenzake akisimama, wake wako kwa mwingine, Lagangabilili au mbali zaidi. Ikafika saa ambapo kijiji kizima hakikuwa na mfugaji hata mmoja. Ofisa akafuta jasho, akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe wote niliowapita njiani ni wa serikali?"

Mama mmoja akajibu kutoka nyuma, "Kama ni wa serikali, baba, si iwaogeshe?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Mimi sikucheka. Nilimfuata yule kijana kwenye gari lake nikamweleza jambo ambalo wewe ulilijua kabla hujaota meno. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Huwabilisa, yaani huwagawa kwa marafiki wawatunze. Anayetunza hunywa maziwa na kupata mbolea. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ukame au wezi wakipiga huku, kule hubaki mbegu. Na jicho la jirani halijui ulicho nacho. Sasa sera inasema "kila mfugaji na ng'ombe wake." Mfugaji ni yupi hapo: anayekamua, au mwenye ndama? Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema fomu haina nafasi hiyo.

Lakini nisiwalaumu wa wilayani peke yao. Sisi nasi tumejificha nyuma ya desturi mpaka zizi linateketea. Mkutano mwingine umeitishwa Jumamosi. Nimependekeza anayetunza alipe nusu na mwenyewe alipe nusu. Wote wanaafiki. Wote pia wanajua kwamba ili mpango huo uende, ni lazima mmoja aanze kusema hadharani ng'ombe alionao ni wa nani. Wananitazama mimi, kwa kuwa ni mwalimu.

Nami ninao wako.

Unakumbuka jioni uliyowaleta, ukiwaswaga mwenyewe, ukanionya, "Funga mdomo, Mwalimu. Hawa ni wa mama Kabula na binti. Nikitangulia, ndugu zangu wasiwajue"? Nimeufunga. Ndugu zako waligawana waliokuwa zizini kwako kabla majivu ya matanga hayajapoa, na bado wananiuliza kwa kicheko kile unachokijua, "Mwalimu, siku hizi umetajirika?" Nikiwataja Jumamosi, watakuwa mlangoni kwangu Jumapili. Nisipowataja, josho halitafunguliwa, na mvua ziko karibu. Ndama wa yule mwekundu mwenye baka usoni amekwisha kufa. Mama yake ana tezi zilizovimba, na majani hayagusi.

Nilikwenda kumwambia mkeo, mama Kabula, nikitarajia kilio. Alikuwa akipepeta mtama, wala hakusimamisha ungo.

"Shemeji, wataje," alisema. "Kupe haulizi ng'ombe ni wa nani. Ng'ombe wa siri akifa, nimerithi nini, siri?"

Kisha akasema atakuwapo, na kwamba atasimama baada yangu aseme mwenyewe mbele ya shemeji zake na ya kijiji kizima kwamba ni wake. Tangu lini mjane alisimama hapa akasema hivyo? Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, sijui na nani.

Basi nitavunja neno nililokupa. Nakutaarifu mapema, kama ipasavyo. Kama hukubaliani, una siku chache za kunijia ndotoni; hujawahi kunyamazia jambo usilolipenda, kwa hiyo ukinyamaza nitajua umeridhia.

Pumzika, Masunga. Mkutano ukishaamua, nitakuandikia jioni hiyo hiyo, kabla sijavua viatu. Na kama wataahirisha, kama wanavyopenda kuahirisha, sitapoteza wino. Nitakuja hapo kaburini na mama Kabula, tukueleze kwa sauti ng'ombe hao ni wa nani, ili na ndugu zako hapo jirani, zizini kwako, wasikie.

Rafiki yako,
Mwalimu