Joto la Mzee Kassim

Jumamosi. Jua lilianza kuchoma tangu saa mbili asubuhi, na moshi wa mashamba yanayochomwa umelifunika ziwa mpaka milima ya Kongo haionekani kabisa. Jioni hii nimekaa barazani, miguu kwenye beseni la maji, naandika. Mikono bado inanuka mafuta ya kompresa ingawa nimeinawa mara tatu.

Nina jambo la kukiri leo, na nisipolitoa litaniharibia Jumapili yangu.

Kwa aliyeingia ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa AC za magari, Mwanga, hapa Kigoma, nyuma ya soko. Katika safu yetu yote ya mafundi mwanamke ni mimi peke yangu. Wananiita Mama Kompresa. Mwanzoni nilinuna, siku hizi nimeliandika jina hilo kwenye bati la mlangoni. Magari ninayoyapenda kuliko yote ni yale ya zamani yenye AC ya otomatiki, ambayo wenzangu wanayakimbia. Dereva anachagua nyuzi ishirini na nne, basi, gari lenyewe linapima joto la ndani, joto la nje na ukali wa jua, kisha linaamua feni ivume kiasi gani. Likiharibika, mafundi wengi wanang'oa mfumo wote na kuweka swichi za kuzungusha kwa mkono. Mimi najigamba kwamba sing'oi. Natafuta mpaka napata.

Mzee Kassim wa Ujiji analo gari la namna hiyo, saluni nyeupe ya miaka ya tisini, analitunza kuliko wengine wanavyotunza magari mapya. Alifanya kazi kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo hapa ziwani mpaka akastaafu. Akikwambia mkanda unalia, fungua boneti, utaukuta unalia.

Miezi mitatu iliyopita alikuja akaniambia AC yake inamsusa mchana. Asubuhi inapoa vizuri, alisema, lakini jua likipanda na kumpiga usoni feni inapumua tu, haivumi. Zamani jua lilivyozidi ndivyo na feni ilivyozidi. Alinieleza taratibu, kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi zamu.

Nikaliingiza gari kivulini, chini ya paa la bati la karakana. Nikafanya ninavyofanya kwa kila gari la mtu mzima: kabla ya kugusa chochote nilitoa vitu vyote vilivyokuwa juu ya dashibodi na kuvipanga vizuri kiti cha nyuma, visije vikapata grisi. Kulikuwa na tasbihi, miwani, na kitambaa cha kufuma cha rangi ya kijani, kizito, chenye kitenge kilichoshonewa kwa chini, kilichofunika dashibodi kuanzia mlango hadi mlango. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa mkali sana kwa hilo. Alisema mteja ataangalia kwanza vitu vyake, ndipo aangalie gari.

Nikapima gesi, iko sawa. Kompresa inashika. Nikasafisha njia za hewa, nikawasha, ikatoka baridi ya kutosha. Nikarudisha vitu vyake juu ya dashibodi kama nilivyovikuta, mzee akashukuru akaenda.

Baada ya wiki akarudi. Tatizo lile lile. Safari hii nilimfungia feni kubwa zaidi mbele, ya kupoza gesi, maana yake ya zamani ilikuwa imechoka. Nikajaribu chini ya bati, baridi safi. Akaenda.

Mara ya tatu alikuja na Shabani, mwanawe mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Mwanga. Nikapima tena. Nikachomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa mbele ya macho yao, sindano ikashuka. Nilikuwa nimechoka, kuna wateja wawili wananisubiri, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeudhika. Gari linanipa majibu mazuri, mzee anasema vingine. Shabani alinivuta pembeni akaniuliza kuna nini hasa.

Nikamwambia, "Gari halina tatizo lolote. Labda mzee tu."

Labda mzee tu. Maneno matatu.

Sikujua kwamba kule nyumbani watoto walikuwa wameshaanza kumchunguza. Aliwahi kumwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine. Aliwahi kwenda dukani akasahau alichotumwa. Shabani alifika na maneno yangu kama mtu aliyetoka na majibu hospitali, na wiki ile ile wakamnyang'anya mzee funguo za gari.

Haya niliyapata kwa Bi Mwajuma, mkewe, tulipokutana sokoni kwenye dagaa. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba mzee amekuwa mkimya, na siku hizi chai ikikosa sukari hasemi, anamuuliza kwanza yeye naye anaionaje. Nilimjibu kwamba watoto wanampenda baba yao ndiyo maana wanamlinda. Nikanunua dagaa wangu nikaondoka.

Nilijua tangu pale kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Nikakipuuza.

Leo mchana Shabani akaleta gari, peke yake. Amepata mnunuzi wa Kasulu, na mnunuzi hataki mambo ya otomatiki. Ng'oa yote, akaniambia, weka swichi za mkono, Jumatatu anakuja kulichukua. Akaacha ufunguo akarudi dukani kwake.

Ukishakata nyaya zile hakuna kuzirudisha. Nilishika koleo nikaliweka chini, nikalishika tena. Chini ya bati kulikuwa na gari jingine limefumuliwa dashibodi yote, kwa hiyo la mzee lilibaki nje juani, na kwa kuwa lilikuwa nje sikuwa nimetoa vitu juu ya dashibodi. Nikasema ngoja nilipime mara ya mwisho, japo kuliaga.

Magari haya ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja yanajipima yenyewe na kukutajia kwa namba sensa, yaani kihisi cha kupimia, yenye kasoro. Likaonyesha namba ya sensa ya jua. Namba hiyo ilitokea pia mara zote tatu za mwanzo, na mara zote tatu niliiruka, kwa sababu chini ya bati hakuna jua, sensa lazima ilalamike. Kila fundi anaijua, na kila fundi anairuka.

Lakini leo gari lilikuwa juani. Saa nane mchana, mwezi wa tisa, Kigoma. Jua gani tena lilitaka?

Sensa ya jua ni kitu kidogo kama kifungo cha koti, kinakaa juu ya dashibodi karibu na kioo. Nikainua kitambaa cha kijani. Kile kifungo kilikuwepo pale chini yake, kimelala gizani. Feni ikanguruma. Nikakishusha kitambaa, feni ikatulia ikabaki inapumua, kama mzee alivyosema, kwa neno lile lile. Nikainua, nikashusha. Nilifanya hivyo mara tano, sita, mpaka fundi wa matairi jirani yangu akauliza nacheza nini.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naondoa ugonjwa kabla ya kuutafuta, kisha naurudisha kwa adabu zote na kumkabidhi mwenye gari.

Nilikaa kwenye kile kiti muda mrefu, AC inanipuliza usoni, nikalia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikampigia Shabani simu nikamwambia sikati kitu, anikute kwa baba yake Ujiji. Nikaendesha mwenyewe.

Mzee alikuwa ameshatoka mlangoni kabla sijazima injini. Nilimwamkia, akaitikia, akasema feni niliyomfungia imeanza kugusa pembeni. Kweli inagusa, boliti moja imelegea. Nikamwonyesha kitambaa. Sikueleza sana, nilimwachia akiinue mwenyewe. Aliinua akasikiliza, akashusha akasikiliza. Bi Mwajuma alikuwa amesimama nyuma yetu mkono mdomoni. Alikifuma yeye, akakimaliza kwa ajili ya Idi, na kile kitenge cha chini alikishona ili kisiteleze. Alianza kuomba radhi, mzee akamzuia kwa mkono. Kwa mkewe hakuwa na kinyongo.

Shabani akaja na pikipiki, bado ana vumbi la saruji kwenye shati. Nilitaka kumvuta pembeni nimweleze, kama yeye alivyonivuta siku ile. Mzee akaona.

"Siku ile ulimwambia nikiwa nasikia," akasema. "Na leo nataka nisikie."

Miezi yote hii nilidhani aliletewa maneno yale na watoto. Kumbe aliyasikia kwangu, amekaa mle ndani ya gari, mlango wazi, mimi nimempa mgongo.

Nikasema kwa sauti. Kwamba nilikosea. Kwamba hitilafu ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na mzee aliieleza sawasawa tangu siku ya kwanza, na aliyeshindwa kuiona ni mimi. Shabani aliangalia chini, kisha akaenda kuinua kitambaa naye, akashusha. Nilikuwa bado nimeshika ufunguo na sikujua nimkabidhi nani.

"Mpe mzee," Shabani akasema. Baadaye nilimsikia kwenye simu anamwambia yule wa Kasulu kwamba gari haliuzwi.

Sitaki kujifanya najua kila kitu. Labda mzee anasahau majina kweli. Hilo ni la nyumbani kwao na la daktari, wala sina kipimo chake karakanani. Lakini joto halikuwa la kichwani mwake, na mimi ndiye niliyeliweka huko.

Bi Mwajuma hakukubali kitambaa kitupwe, na hakukubali nikikate mkasi. Alileta sindano yake, akafumua sehemu ya juu ya sensa, akakitoboa na kile kitenge cha chini, kisha akaanza kuzungushia ua lenye tundu katikati. Mimi nikawa nakaza ile boliti ya feni. Tulipomaliza ilishakuwa karibu saa kumi na moja, tukakilaza kitambaa, kifungo kikachungulia katikati ya ua. Katika kazi zangu zote za kuboresha AC, hii ndiyo ya kwanza kufanywa kwa uzi.

Mzee akasema nipande twende tukaijaribu. Tulielekea ziwani, jua likitupiga machoni moja kwa moja, na feni ikapanda kasi yenyewe kama zamani. Baridi ikajaa. Anaendesha vizuri, anapunguza mwendo kabla ya shimo wakati mimi shimo lenyewe sijaliona.

Kidogo akanigeukia.

"Mwanangu, na wewe unausikia huu ubaridi?"

Nikamwambia nausikia, mzee. Akaitikia kwa kichwa. Tulipokata kona kurudi nyumbani akaniuliza tena, polepole, maneno yale yale. Hakuwa amesahau kwamba ameshauliza. Alikuwa anahakikisha.

Yule mzee aliyekuja kwangu mara ya kwanza hakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote kama kuna joto au baridi.

Kuanzia leo nikishindwa kuona ubovu nitasema sijauona, na gari nitalitoa juani na vitu vyake vyote juu ya dashibodi. Na Jumatatu nikifunga karakana nitapita Ujiji, nikae tena kiti cha abiria. Na Jumatano pia. Nitazunguka naye mpaka siku atakayowasha AC yake asiniulize kitu.