Mashine ya Paka kwenye Mfuko wa Mama

Mwenzangu, usinicheke. Nimetoka kwa daktari wa wanyama sasa hivi.

Unakumbuka Jumapili iliyopita nilimpima paka sukari kwa mashine mbili, yake na ya mama, nione kama zinalingana? Damu ileile ya sikio: ya mama ikasema 9, ya paka 13. Nikashangaa weee, nikazirudisha kwenye mifuko yake.

Nilizibadilisha mifuko!! Zinafanana kama mapacha.

Leo daktari kaigeuza niliyokuja nayo, kasema, "Hii ni ya binadamu. Kwa paka inasoma chini." Na mimi nimempunguzia paka dawa nikijua anapona! Tumemrudishia dozi yake, atakuwa sawa.

Sasa fikiria mama. Wiki nzima anajipima kwa mashine ya paka, namba ziko juu. WIKI NZIMA. Na mimi nilimwambia nini? "Mama, unakula nini kwa siri?" Mama yangu mzazi! Akaapa. Nikapekua kabati lake, mpaka chini ya mito, kama askari. Sikukuta kitu. Nikamwambia, "Basi umeficha vizuri."

Umeficha vizuri. Mimi huyu.

Tangu siku hiyo anakula nusu sahani.

Niko hapa mlangoni kwake na mashine yake mkononi, sijui nianzie wapi. Kanisikia. Anaita, "Mwanangu, njoo unipime. Leo sijala kitu kabisa, labda utaniamini."