Chachu ya Bulaimu

Jumapili, 7 Julai 2024

Kosa la watu wengi wanaopika pombe ni kumwaga kimea kwenye uji unaochemka. Wanadhani moto ndio unaotengeneza pombe. Moto unaua! Kimea ni mahindi yaliyoamshwa: yamelowekwa, yakachipua chini ya majani ya migomba, yakaanikwa, yakatwangwa. Ndani yake mna nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na nguvu hiyo haivumilii uji unaotokota. Kwanza ngoja. Tumbukiza kidole. Kikikimbia, ngoja tena.

Naandika haya kwa sababu leo sikuruhusiwa kuyasema kwa mdomo.

Wifi yangu Victorine, dada wa marehemu mume wangu Bulaimu, amefika kutoka Kalemie. Matanga yataondolewa Jumamosi ya tarehe 20, hapa hapa Wamaza. Desturi ya ukoo wa Bulaimu ni hii: pombe ya kuondoa matanga hupikwa na dada wa marehemu. Mjane hashiki chungu, haonji, hatoi shauri. Siku yenyewe wifi humnywesha kikombe cha kwanza, ndipo kitambaa chake cheusi cha ujane kinafunguliwa. Bila pombe hiyo hakifunguliwi.

Sawa. Desturi ni desturi, niliikuta.

Lakini Bulaimu alikunywa pombe yangu tangu tulipooana. Nikitoka darasani Kasongo, yeye akitoka shambani, kulikuwa na chungu kimoja na kata moja. Na sasa pombe yake ya mwisho itatoka kwenye mikono ya mtu mwingine!

Jumatatu, 8 Julai

Victorine amefungua mizigo yake uani. Majirani walijaa kana kwamba analetwa bibi arusi. Pipa jeupe la plastiki, limefungwa robine chini, bomba dogo la kutolea pombe. Kifuniko chenye tundu na mpira mwembamba wa kutolea hewa. Kipimajoto — kidole chake hakijui kazi!

Nitasema haki, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na kifuniko kile kinazuia inzi. Chungu cha udongo kinapumua, kinatunza ubaridi hata jua likiwa kali, lakini ukikipasua, basi, kazi yote imeingia mchangani. Pipa la chuma ni baya kuliko yote, hasa ukitaka kutia matunda: ukali wa tunda unakula chuma, na mnywaji anabaki na ladha ya msumari ulimini. Ila plastiki nayo ina tabia yake. Inashika harufu. Ukiiosha na kitu, kitu hicho kinakaa.

Binti yangu Rachelle alifungua robine, akaifunga, akaifungua tena, maji yakimwagika miguuni.

— Mama, ona! Hakuna kuinama!

Nilimjibu kwamba mimi niliinama na nikamzaa yeye. Wanawake wakacheka. Victorine akacheka zaidi yao, hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 10 Julai

Faradji amepita na pikipiki yake kutoka Lusangi, nyuma amefunga mananasi mpaka yeye mwenyewe haonekani. Victorine aliyaagiza. Pombe ya mananasi! Kwa matanga ya Bulaimu!

Faradji ni Mwislamu, hanywi. Nilimwuliza kama anajua mananasi yake yanakwenda wapi.

— Mama Mwalimu, mimi naleta matunda. Yakishuka kwa pikipiki, safari yangu imeisha.

— Na harufu ikikufuata?

— Harufu haina zambi. Nitapita pole pole.

Nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Halafu nikasikia Victorine akimweleza Rachelle jinsi ya kutia tunda, na kicheko kikaniishia. Nilikuwa nimekaa tayari kusikia makosa. Watu hulitia tunda mwanzoni, pamoja na uji, harufu yote inatoka na povu na kupotea. Au wanalichemsha, likawa kama jamu. Yeye alisema: iache pombe itoke povu, povu lianguke, ndipo umenye nanasi, ulikatekate, ulitie bichi, na usifunge kwa nguvu kwa maana tunda linaleta sukari mpya na pombe itaanza kufanya kazi tena.

Ni hivyo hasa. Mimi mwenyewe nisingeliongeza neno.

Nimeumia. Afadhali angekuwa mjinga.

Kisha akatoa chupa aliyokuja nayo kutoka Kalemie. Kila mtu akaonja, mimi nikipitwa kama mtoto mgonjwa. Wote walifumba macho. Rachelle alisema, Mama, hii iko ta… akaniona, akanyamaza.

Tamu. Si afadhali angelimaliza tu!

Alhamisi, 11 Julai

Wanatwanga kimea. Rachelle anacheka kule jikoni. Miaka yote tuliyotwanga pamoja, sikumbuki akicheka hivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Leo wamepika. Nilikuwa kwenye mkeka wangu upande wa ukuta, kazi yangu ni kuwa na huzuni.

Kabla ya kumimina uji, Victorine aliliosha pipa kwa javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo. Alimwaga bila kupima. Alisema huko mjini ndivyo wanavyofanya, wadudu wote wanakufa. Ni kweli, wanakufa. Hata wale tunaowahitaji! Chachu ni kiumbe hai: inakula sukari, inatoa hewa na kileo. Javeli haichagui. Unaosha kwayo, halafu unasuuza kwa maji yaliyochemka, tena na tena, mpaka pua isisikie kitu. Yeye alisuuza mara moja, haraka haraka. Robine hakuifungua kabisa. Mimi niliisikia harufu kutoka mkekani.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

Wakati ule ule Victorine aliniangalia, mikono kiunoni.

— Wifi, leo uko kimya sana. Iko nini?

— Niko kwenye matanga.

— Matanga ya kaka yangu, ao ya chungu yako?

Uani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Rachelle aliinamisha kichwa, lakini mabega yake yalitikisika.

Nikafunga mdomo. Mjane hatoi shauri. Desturi iliyonibana wiki nzima, leo nimeiegemea kama kiti. Wakamimina uji. Wakatia hamira ya paketi. Wakafunga kifuniko, ule mpira mwembamba ukachungulia kwenye kikombe cha maji ambamo hewa inatakiwa kutoa mapovu.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Padri amehubiri habari ya ndugu wawili na sadaka zao. Sikupenda namna alivyotazama upande wangu. Labda hakutazama.

Jumatatu, 15 Julai

Kikombe kimetulia. Hakuna povu hata moja. Victorine ameongeza paketi nyingine. Rachelle anakwenda kuchungulia kila akipita, kama mtu anayengojea kuku aangue.

Jumanne, 16 Julai

Bado. Kwa pombe ya mahindi katika joto hili, kimya hiki si subira tena, ni kifo. Huenda ni javeli, huenda paketi zilipikwa na jua safarini. Nadhani ni vyote viwili. Mchana walifungua kifuniko. Utando wa kijani juu, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa majini. Victorine alisimama pale akiwa ameshika kifuniko, hakukiweka mahali popote.

Wageni wa Kasongo wameshaanza safari. Wazee wa ukoo watafika Ijumaa. Wamesema wazi: isipokuwepo pombe ya dada, matanga yatasogezwa hadi kiangazi kijacho, kwa kuwa baada ya hapa watu wanatawanyika, wengine mashambani, wengine kwenye machimbo. Maana yake mimi nitavaa nyeusi mwaka mwingine. Sitakwenda harusi, sitauza sokoni, sitapika pombe.

Na bado nilipoona ule utando, kitu ndani yangu kilipiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima, mwalimu wa biolojia, mjane — anafurahia ukungu!

Kuna jambo moja sijaliandika mahali popote. Chini ya kitanda nina kibuyu. Ndani yake mna chachu ya pombe ya mwisho aliyoinywa Bulaimu, yale mashapo mazito yaliyobaki chini ya chungu. Sijapika nayo, nisivunje desturi. Nailisha tu, uji mwepesi wa vuguvugu, ili isife. Ukikifungua kinapumua: shhh. Baada ya mazishi kulikuwa na siku ambazo hicho ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kilichonijibu.

Hiyo ingeliamsha lile pipa kati ya asubuhi na jioni. Najua.

Ni yangu.

Jumatano, 17 Julai

Victorine amekuja. Asubuhi, bila kitambaa kichwani, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa ukingoni mwa mkeka wangu, mahali ambapo watu wenye shida hukaa.

Wamemwaga ile iliyooza. Rachelle alianza kupika uji mpya tangu alfajiri, kimea kilichobaki kikingoja upoe, na safari hii pipa limeoshwa kwa maji ya moto peke yake.

— Rachelle ananiambia uko na chachu ya kaka yangu.

Kwa hiyo binti yangu alijua! Alikuwa akisikia ile shhh kupitia ukutani, na alinyamaza mpaka leo.

Nilimwuliza Victorine ni desturi ipi inayomruhusu mjane kutia kitu kwenye pombe ya matanga. Niliuliza kwa sauti ya darasani, najijua.

— Chachu si chungu, wifi. Hautashika chungu. Utanipa mukononi, mimi nitatia.

— Na watu wakisifu?

— Watasifu. Basi?

Akaanza kujipangusa unga viwikoni, polepole, akiutazama ukianguka.

Akasema njia ilimchelewesha, alifika Wamaza kaburi limeshafunikwa. Hilo nalijua, nilikuwepo. Akasema miaka yote kaka yake akimpigia simu, hamalizi bila kusema habari ya pombe. Mke wangu amepika hivi, mke wangu amepika vile.

— Nilichoka kusikia! Kule Kalemie nilijifunza kupika sababu yako. Ile pipa, ile robine, ile kipimajoto, vyote. Nilitaka aonje ya kwangu siku moja, aseme: Victorine amekupita.

— Alionja?

— Wapi! Nilikuwa nasema, nikija. Nikija.

Halafu akacheka kidogo, akasema tena kwamba nanasi ni kwa sababu aliona mimi sitii tunda, na mahali hapo tu ndipo angeweza kunipita.

Mimi nilikaa nikiangalia ukuta. Nilikuwa nikimwonea wivu kwa ajili ya damu, kwa sababu desturi inampa yeye kikombe cha mwisho. Kumbe yeye alikuwa akinionea wivu kwa ajili ya kila siku ya kawaida. Haikunifanya mtu mwema. Niseme ukweli, nilijisikia kwanza kushinda. Kisha nikahisi njaa, kama mtu aliyelia, ingawa sikulia.

Ile habari ya javeli, kwamba niliisikia harufu nikanyamaza, sijamwambia.

Nilimwambia nitafikiri. Akaitikia, ndiyo, Mwalimu. Si wifi: Mwalimu. Lakini hakuondoka. Yuko nje sasa hivi, namwona mlangoni. Ametumbukiza kidole kwenye uji, kipimajoto kimelala kwenye sinia. Kidole kimekimbia. Anangoja. Rachelle amesimama kati yake na mlango wangu, hajui amtazame nani.

Uji utapoa karibu saa nne. Ukipita hapo bila chachu, wadudu wengine watauwahi, na Jumamosi hakutakuwa na kitu. Nimekitoa kibuyu chini ya kitanda. Kiko mapajani, nimekifungua ili nione kama kimeamka. Kimeamka. Kimejaa hadi shingoni, na ni kimoja tu. Nikimpa Victorine kama kilivyo, kitakwenda naye Kalemie. Nikikirudisha chini ya kitanda, nitavaa nyeusi nikikisikiliza.

Usifikiri tena, Célestine. Leo, sasa hivi: osha kibuyu cha pili, uigawe chachu.