Siku Mbili Bila Kikombe

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sisi ni wazima. Baba amepaka sebule rangi, nami nimekuwa wa tatu darasani.

Kaka ana miezi mitano hajagusa heroini. Kila asubuhi nesi wa kliniki humpa kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya heroini, anakunywa mbele yake, kisha lazima aongee ili ijulikane amemeza. Yeye husema, "Nesi, leo umependeza." Nesi humjibu, "Na wewe umechelewa."

Baba anasema huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Niliona ana hoja, nikamwambia Kaka kwamba aliyepona hanywi dawa. Akacheka: "Haya, msomi wetu, wewe ndiye mwenye vitabu." Akaacha kwenda.

Siku ya pili alitetemeka kwa baridi juani. Jana asubuhi akatoka bila kuaga, akielekea kwa rafiki zake wa zamani. Nilimkimbilia, nikamng'ang'ania shati mpaka kliniki. Nesi alimuuliza siku mbili alikuwa wapi. Kaka alimeza, akasema, "Nililala sana."

Shangazi, sielewi. Leo ameamka mzima, ananyoosha sare yangu kwa pasi huku akiimba. Kama anaihitaji dawa kila siku, amepona au hajapona? Baba anataka aache kabla ya mwisho wa mwezi, na anakusikiliza wewe tu. Tafadhali mpigie. Usimwambie kwamba ni mimi niliyemshauri Kaka.

Au mwambie. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Mwanao anayekupenda