Breki ya Upande wa Kushoto

Liz yawa, uko? Hapa kwetu Sindo kumewaka moto.

Unakumbuka '96 Baba alishikwa Homa Bay akiendesha pikapu amelewa, korti ikamnyang'anya leseni mwaka mzima? Siku zote ametuambia ni binamu yake Frankline alikuwa anamwendesha.

Uongo! UONGO Liz!

Leo Valary, yule mama alikuwa anauza samaki na Baba, amekuja kusalimia. Kabla hata hajakaa, anamcheka Baba: "Paul, bado unakanyaga breki isiyokuwepo?" Eti mwaka mzima yeye ndiye alishika usukani, Baba kando yake akikanyaga sakafu kila kona!

Mama akaweka kikombe chini polepole.

Mambo ya ulevi hakuuliza. Ya korti hakuuliza. Alisema tu, "Mimi nilipokuomba unifunze, uliniambia mikono ya mwanamke inaharibu gia."

Ati mikono ya mwanamke!

Valary ametoroka bila chai. Mama amechukua funguo, amekaa kwenye usukani na miaka yake sitini na mbili. Baba ameamriwa akae kushoto.

Gari hata halijawashwa, Liz. Na mguu wa Baba tayari unakanyaga.