Mama Mkwe Aliposikia "Uvimbe"

Viola uko? Nimechoka bana!!

Si unajua mama mkwe alipooza upande wa kushoto tangu ile stroke? Leo nimemtoa Myanga hadi Kitale kwa ule utafiti wa dawa. Amejipaka mafuta, leso mpya, ana matumaini kuliko mimi.

Daktari akamwambia polepole, kama anaongea na nyanya yake, "Kukhu, tunajaribu dawa ya kutuliza uvimbe kwa ubongo."

ATI UVIMBE!

Mama akashika kichwa na ule mkono mzima. "Si mlisema ni stroke? Sasa mmenipata na uvimbe?" Dada yake alizikwa na uvimbe wa tumbo, hilo neno kwake ni jeneza.

Daktari naye: "Hapana kukhu, huu si wa kansa."

Viola, kwa nini alitaja kansa??

Mama akachukua mkongojo. "Kijana, mimi nilileta mguu, wewe unanipa kansa!" Akatoka. Nikamfuata nikimwambia ni kama vile nyuki akikuuma, mahali panafura. Wapi!

Sasa amekaa jikoni, majirani wanampa pole ya kansa.

Kesho ndiyo mwisho wa kuandikisha watu kwa huo utafiti. Wewe anakusikia. Mpigie, mwambie ya nyuki. Lakini yale maneno mawili ya daktari, tafadhali, usiyataje.