Kombi ya Ubaid Harusini Gede

Shoga Kaltuma, niko Gede harusini, nimejificha jikoni nicheke. Shemeji Badi kanasa ndani ya kombi!

Ile ile kombi kuukuu anayoifufua kaka Ubaid uani miaka yote. Leo sisi tumetangulia, Badi kabaki nyuma, kaichukua bila ruhusa.

Kaingia akipiga honi, wageni wakamzunguka. Kashusha kioo, kikakwama hata mkono haupiti: "Nimeitengeneza kwa mikono yangu." KWA MIKONO YANGU! Na Ubaid kasimama pale pale na sahani yake ya pilau.

"Basi shuka tukupongeze," wakamwambia.

Ashuke wapi! Vitasa vya ndani Ubaid hajavitia bado, milango yafunguka kwa nje tu. Badi kasukuma, kapapasa, jasho jekejeke, kanzu imemganda mwilini.

"Ubaid, nifungulie."

"Nikufungulie? Shemeji, fundi si wewe? Waonyeshe watu." Wageni nao, kwa kucheka, hakuna aliyegusa mlango.

Wallahi kaka kaketi kitako, kamaliza pilau taratibu, kaomba na ndizi, kanawa mikono. Ndipo akaja. Mkono kauweka mlangoni, hakufungua.

"Sema kwanza ni ya nani."

Badi akasema.

"Sikusikia," kaka akamwambia. "Sema tena, bibi harusi naye asikie."